Vikumbusho Vilivyofutwa Kabla ya Posa

Yamumbi, Eldoret

Kwa ndugu yangu mkubwa Barasa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Mguu unaendeleaje? Shemeji bado anaukanda na maji ya moto? Mimi ni mzima kabisa, nimenenepa mpaka mshipi umeomba kustaafu.

Najua unangoja habari za Moiben, vile nilimsemea kijana wako Wekesa kwa kina Chebet. Tulia nikueleze.

Uliponiambia mguu umekataa na msemaji nitakuwa mimi, niliapa kumwomba huyo binti kwa Kikalenjin. Nikaweka kwa simu programu ya kufundisha lugha. Uzuri wake, wanafunzi wenyewe tulikuwa tunaandikiana vikumbusho, yaani kwa kila neno unaweka kahadithi ka kukusaidia kulishika. Hapo ndipo nilipojulikana. Kwa neno la ng'ombe niliandika ile ng'ombe yetu iliyopanda paa la kanisa ikakataa kushuka mpaka sadaka itolewe. Kwa maziwa, vile tulikamua ndoo zikaisha tukaanza kukamulia ndani ya viatu vya mvua, gambuti. Watu mpaka wa Kanada walinisoma. Mmoja aliandika ati ameacha masomo mengine yote, anafuata ng'ombe yangu tu.

Basi siku nne kabla ya posa nafungua simu, vikumbusho vyote hakuna. Wenye programu wamevifuta, ati wanataka iwe safi. Maneno yamebaki kama kuku aliyenyonyolewa. Na sikuwa nimenakili hata kimoja kwa daftari. Wanafunzi wengine walilalamika kwa lugha zote za dunia, bure. Mimi nilienda mpaka duka nililonunua simu nikagonga meza. Mama wa duka akaniambia, "Mzee, sisi huuza simu, hatukai ndani yake."

Tukafika Moiben. Baba yake Chebet akauliza kwa lugha yao tumefuata nini. Nikawasalimu "Chamgei", wakaitikia vizuri. Halafu kichwa kikawa kitupu kama ghala la mahindi mwezi wa saba, kabla ya mavuno. Wekesa ananitazama, jasho linamtiririka ndani ya suti. Nikaona huyu mtoto atakosa bibi kwa sababu ya mdomo wangu.

Nikawaambia ukweli kwa Kiswahili, kwamba maneno yao nilikuwa nayo lakini yamenitoroka, zimebaki hadithi.

"Basi tupe hadithi," akasema nyanya yake Chebet.

Nikawapa ng'ombe ya kanisa. Nilipomaliza, nyanya akanipa neno lake kwa Kikalenjin, nikalirudia. Nikatoa ya gambuti, akina mama wakapangusa machozi ya kicheko, wakanipa lingine. Hivyo hivyo, neno kwa neno, mpaka ombi likakamilika, na nikalisema lote nimesimama wima.

Baba mtu akauliza, "Huyu alikuja kuomba msichana ama kuomba kura?"

Nyanya akamjibu, "Wewe wape msichana. Nyumba yenye watu kama hawa hatachoka kukaa."

Tukaletewa mursik, yale maziwa yao ya kibuyu, nikanywa ya watu sita.

Msalimie shemeji, mwambie mkwe wake ni mwalimu na ana heshima. Msalimie mama yetu, na yule jirani fundi cherehani aliyesema nitaaibisha ukoo, huyo umsalimie mara mbili.

Wamekubali, Barasa. Ila kabla ya kupanga harusi wanataka kumwona baba mwenyewe, kwa hivyo huo mguu uupeleke hospitali. Nimewaambia wewe ni mtu wa maneno machache. Hakuna aliyeniamini.

Ni mimi mdogo wako, msemaji wa ukoo,
Simiyu