Nywila ya Kisima cha Mchangani

Kituo cha Mifugo Wirrabilla,
Queensland Magharibi.
14 Machi 2024

Mpendwa Dada Merle,

Pokea salamu zangu tele. Hujambo, na goti lako je? Natumaini baridi ya Hobart haijaanza kulichokoza. Sisi huku tu wazima, ingawa uzima wenyewe ni ule wa kuku ndani ya tenga.

Maji yametuzingira. Hapa halijaanguka hata tone na mbingu ni nyeupe, lakini maji ya mvua ya kaskazini yametushukia na mto umetandaa mpaka ngazi za nyuma. Barabara hakuna, na uwanja wa ndege ni tope tupu. Barua hii itaondoka na ndege ya posta siku itakayojaliwa kutua. Nimefungiwa nyumba moja na mavyaa, Bi Elspeth, ambaye kila asubuhi ananiuliza kama nimewahi kuona mafuriko, kana kwamba miaka yote hii nimekaa mwezini.

Mume wangu Fergus naye kakwama ng'ambo ya mto, kwenye kibanda cha kisima cha mchangani, pamoja na ng'ombe wetu majike wote na ndama zao. Kule ni juu, na ni kukavu kweli. Ng'ombe akiyafuata mafuriko hunasa topeni asitoke, kwa hiyo amewafungia uani, na tegemeo lao la maji ni pampu ya kisima hicho.

Pampu hiyo haina mkono wa kuzungusha. Inaitii kompyuta ndogo ya Linux iliyomo kibandani, nami naiendesha nikiwa jikoni kwa laptopu yangu ya Windows. Nafungua dirisha jeusi, naingia kule kwa mbali, naandika amri, maji yanatoka. Kazi hiyo ni yangu peke yangu. Fergus hata simu huishika kama kaa la moto.

Juzi niliizima pampu nibadili ratiba yake. Nikaona, maadamu nimo humu, acha niwashe na ule ulinzi wa kuzuia wageni wa mtandaoni. Dada, kanuni ya kwanza ya kazi hii ni kuuacha wazi mlango unaopitia mwenyewe. Mavyaa alikuwa mgongoni kwangu akilalamikia uji. Mashine ikaniuliza: amri hii yaweza kukata mawasiliano yako, uendelee? Nikajibu ndiyo. Dirisha likaganda. Nimejifungia nje, na pampu imezimwa. Mchuma janga hula na wa kwao, ila hapa waliokula ni ng'ombe.

Nililia, sikufichi. Njia iliyobaki ni Fergus kuingia kwa kibodi ya kule kule kibandani, na kuingia kunataka nywila. Simu haishiki kule; njia yetu ya kusemezana ni redio, nayo unaijua, ni ya wote. Wilaya nzima huisikiliza kuliko taarifa ya habari.

Aliniambia birika la kunyweshea limebaki matope na ndama mmoja ameshalala chini, hainuki. Akaniomba nywila. Nikajifanya sijasikia. Mavyaa akanitumbulia macho. Basi nikaitaja herufi moja moja, polepole, nikimwomba Mungu asitokee wa kuziunganisha. Nilipomaliza, Dulcie Pratten wa kituo jirani akaingilia kati.

"Nitoeni hapa," akasoma. "Shoga, hata mimi ningeweka hiyo hiyo."

Hakucheka mtu.

"Imeungana yote," Fergus akauliza, "au kuna nafasi katikati?"

"Imeungana."

Ikakubali. Nikamwelekeza namna ya kuuzima ulinzi, nikaingia tena nikiwa jikoni, nikaiwasha pampu. Kupitia redio nilisikia maji yakimwagika na ng'ombe wakisukumana. Ndama aliinuka jioni. Mavyaa aliniandalia chai bila kusema neno, jambo ambalo halijapata kutokea tangu niolewe.

Neno lile nimeliandika kila asubuhi kwa miaka, Dada, na sikuwahi kulitamka. Nimechoka na huku. Nampenda Fergus na nimechoka na huku, na sasa analijua hilo kama wanavyolijua jirani zake.

Jana aliniita tena. Akasema nywila ibadilishwe, maana imeshakuwa ya wilaya. Nikamuuliza niweke nini.

"Weka tarehe," akasema. "Ya kwenda kwa Merle. Chagua wewe, maji yakipungua."

Sikumuuliza kama nichague na ya kurudi. Watu walikuwa wanasikiliza. Sijui ananifungulia mlango au ananionyesha mlango, na sauti yake kwenye redio haikunisaidia.

Nisalimie shemeji Alistair, na mabinti wote wawili, na Shangazi Una ukimwona kanisani. Mavyaa naye anakusalimu, kwa mara ya kwanza. Mungu awakinge na kila baya.

Niambie tu kama chumba chenu cha nyuma kingali kitupu. Usiniulize ni kwa muda gani.

Mdogo wako akupendaye sana,
Kerrin