Hodi Saba Zisizoitikiwa

Jumatatu, 3 Juni
Nimepewa kazi ya kuongea! Jumamosi ukumbini wanamsherehekea Mzee Kata kwa filamu zake saba. Jina kalipata kwa kufoka "Kata!" akiongoza waigizaji. Mimi mhariri wake nieleze ni mambo gani yanajirudia humo. Mimi, ninayeongea na mashine tu.

Jumanne, 4 Juni
Nimepata! Kila filamu mtu anapiga hodi, na hakuna anayesema karibu. Mlango unafunguliwa kimya, au haufunguliwi kabisa. Saba kwa saba. Nikampigia simu Mzee Kata. Akasema basi huyo asiyeitika ni marehemu baba yake, hakuwahi kumkaribisha mtu. Nikajiona mjanja kweli.

Jumatano, 5 Juni
Bora nisingechimba. Nilifungua picha ghafi, zile ambazo sijazigusa, nitafute mfano mzuri. Waigizaji wote wanasema karibu. Wote! Karibu mama, karibu ndani, karibu pita. Aliyezikata ni mimi. Miaka kumi na tisa naondoa ninachoona kinachelewesha – hodi, mkasi, mlango.
Dada yangu kacheka mpaka akapaliwa. Eti hata kwangu wakipiga hodi siitiki, wanasikia ndara tu zinakuja. Ni kweli. Sijui nilianza lini.

Alhamisi, 6 Juni
Mzee kapita ofisini, kaniita binti yangu. Kamwandikia kaka yake barua kuhusu baba yao, baada ya miaka ya kutosemeshana. Nimwambieje kwamba ni mkasi wangu? Nampenda mzee huyu. Nikammiminia chai tu.

Ijumaa, 7 Juni
Kesho asubuhi namwambia. Basi.

Jumamosi, 8 Juni
Naandika nyuma ya pazia, zamu yangu inafuata. Asubuhi nilianza, akanikatiza – nimsikilize yeye kwanza. Kaka yake kaja! Wamekaa bega kwa bega, wanachekana vipara.
Sasa yuko jukwaani. Anasema mhariri wake kamfumbua macho. Anasema leo tutaona filamu ya nane kwa mara ya kwanza, hata yeye hajaiona ikiwa imekamilika, kaniachia mimi kwa kuniamini. Na humo, bila kujua, alimfanya mama wa kwenye filamu aitike karibu, kwa sauti kubwa. Alimsikia kwa masikio yake siku ya kupiga picha. Ni kama baba yao kafungua mlango hatimaye, anasema. Kaka yake anajifuta macho.
Ya nane! Nilimaliza kuihariri wiki iliyopita. Hodi, mkasi, mlango.
Wanapiga makofi. Ananinyooshea mkono nipande