Pazia Nililolikata kwa Mapana

Jumamosi. Mvua ilinyesha asubuhi, sasa jua ni kali na nguo zimeshakauka kwenye kamba. Mimi sina raha hata kidogo.

Nimeshona miaka kumi na nne hapa Igogo. Nikikutana na mtu njiani huangalia kwanza sketi yake inavyoanguka, ndipo nimsalimie. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Leo nilikwenda Buswelu kumtundikia Mama Kulwa mapazia. Nyumba ni yake, ameijenga kwa kuuza dagaa, na kesho baada ya ibada wanakuja watu wa posa ya binti yake. Kitambaa alichagua mwenyewe mjini: cha kahawia, kizito, hakina maua. Pazia la kwanza lilishuka vizuri, marinda yakajipanga yenyewe mpaka sakafuni. La pili likagoma. Likatuna katikati, na kila nilipoyabana marinda kwa vidole, yakafunguka.

Nilijua papo hapo. Juzi, nikiwa na haraka ya sare za kwaya, nililikata kwa mapana badala ya urefu. Uzi unaotakiwa kushuka chini nimeulaza. Kitambaa kisicho na maua hakikuonyi.

Wifi yake Mama Kulwa, aliyekuja kulala hapo kwa ajili ya posa, alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. "Fundi, mbona hili limevimba?"

Nikajibu bila hata kumeza mate: "Kitambaa chenyewe ndivyo kilivyo. Hivi vya siku hizi havilali."

Wifi akacheka, akamwambia Mama Kulwa: "Si nilikwambia? Wewe hujui kuchagua vitu!"

Mama Kulwa alishika pindo, akalivuta chini taratibu, likarudi lilivyokuwa. Kisha akanigeukia. "Pole fundi, nimekusumbua na kitambaa changu kibaya." Akaniletea chai na mihogo.

Nikala.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yangu imenifikisha salama hadi nyumbani, na hilo ndilo linaloniuma. Naona aibu hata kukaa kwenye cherehani. Ni wateja wangapi nimewaambia kitambaa ndicho kibaya?

Maduka bado hayajafungwa. Nakwenda kununua kitambaa kilekile, nishone pazia jipya leo hii, na asubuhi nilitundike kabla hawajaenda ibadani. Hiyo ndiyo kazi rahisi. Moyo wangu unataka nimwambie Mama Kulwa ukweli akiwa peke yake, jikoni, kwa sauti ndogo.

Lakini sikumwaibisha jikoni, nilimwaibisha mbele ya wifi yake. Nitasubiri mpaka huyo wifi atoke chumbani, ndipo niseme.