Vifua vya Wapasua Mawe

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu kutoka huku machimboni. Barua yako niliwasomea wenzangu chumbani, tukashangaa jinsi hiyo shahada ya pili ya afya ya jamii ilivyopangwa. Unasema mwaka wa kwanza wote ni darasani, takwimu na jinsi magonjwa yanavyoenea, kisha mitihani. Mwaka wa pili ndipo mnaandika pendekezo la utafiti, na kamati ya maadili ikilipitisha mnakwenda kwa watu. Tulifurahi kusikia kwamba utafiti wako utahusu vumbi la mawe, na kwamba utakuja kutupima vifua.

Chumbani paa limezibwa, halivuji tena. Kitanda cha jirani yangu, yule mcheshi, kimepata mtu mwingine. Siku zake za mwisho alilala ameketi, na bado akitania: "Mwambie huyo daktari wako afanye haraka, mimi sina subira ya wasomi." Nikamwambia wewe si daktari. Akacheka mpaka kikohozi kikamkatiza.

Mimi nipo, kazini naenda, ila kilima cha kurudi chumbani sasa nakipanda kwa kupumzika. Asubuhi mate yangu yana wekundu kidogo. Mama usimwambie.

Nina ombi moja, na usinicheke, shule yangu unaijua. Wabembeleze walimu wako uanze na huo mwaka wa pili. Darasani utarudi baadaye, darasa halikimbii.

Ni mimi kaka yako, nakusubiri.