Nimejisifia Juu ya Ngazi

Mwenzangu, nimejifungia bafuni. Sitoki! Usinipigie, watasikia.

Si unajua wakwe wanakuja Jumamosi? Mama kaamua nyumba ipakwe rangi nje, na mimi ndiye nikwangue ile ya zamani kabla fundi hajaja. Nikanuna weee, lakini nikapanda ngazi. Suruali ya kaka, kitambaa hadi puani, vumbi jeupe mpaka kwenye kope.

Mara nasikia sauti chini: "Fundi, pole na kazi. Mimi ni shangazi wa bwana harusi. Kabla sijapiga hodi, hebu niambie, binti wa humu yukoje?"

SHANGAZI YAKE! Yule aliyemlea, ambaye hatujawahi kuonana! Na leo ni Alhamisi!

Ningekohoa tu yakaisha. Lakini mdomo wangu unaujua. Nikakaza sauti kama mwanamume: "Mama, mmepata lulu. Mchapakazi, mpole. Sijawahi kumwona amenuna hata siku moja."

Amenuna! Hilo neno nililitoa wapi?

Hapo hapo dirisha likafunguka, mama akatoa kichwa: "We binti, bado umenuna tu huko juu?"

Shangazi akanitazama. Akamtazama mama. Akanishikia ngazi nishuke. Nikapita mbio hadi huku.

Sasa wanacheka sebuleni. Wanacheka nini?

Ngoja, kuna mtu anagonga.

Ni yeye. Kasema: "Fundi, ukimaliza kunawa, niitie yule binti asiyenuna."