Shuka Jeupe Kwenye Tundu la Mzinga

Bibi Karin,

Nimesema. Ulinituma, nikasema.

Tulikuzika makaburi ya Spånga Ijumaa, kisha tukaingia ukumbini kunywa kahawa. Mpwa wako Gunnar aliweka mezani picha ya baba yake bibi yako Hilma, yule askari mwenye ndevu. Akasimama kusimulia jinsi mzee huyo alivyoilinda ngome ya Warusi kule visiwa vya Åland, zama zile Warusi wakivitawala, Waingereza na Wafaransa walipoizingira kwa manowari. Watu wakaitikia kwa vichwa kwa fahari. Mimi nilishika kikombe kwa mikono miwili.

Nilikumbuka asubuhi ile nakuosha miguu, ukanishika mkono. "Neema, babu yetu yule hatukuambiwa ukweli wake." Ukanieleza. Hilma alikuwa na miaka tisa, amejibanza kwa mama yake ndani ya ngome, chini ya dari ya mawe, mizinga inapiga siku ya tatu, chokaa imejaa mdomoni, mtoto wa jirani kashakufa. Mama yake, aliyekuwa akifua nguo za askari, akachomoza shuka jeupe nje kupitia tundu la mzinga ukutani ili adui aache kupiga. Mumewe, huyo wa kwenye picha, akalivuta ndani, akampiga kichwani kwa kitako cha bunduki. Kesho yake kamanda wa ngome mwenyewe alipandisha bendera nyeupe. Lakini sikio la yule mama halikusikia tena, na nyumbani kwenu mkaambiwa ni mshindo wa mizinga.

"Hilma aliniambia mimi tu, nami nimeogopa maisha yangu yote. Wewe waambie."

Kwa nini mimi, Bibi? Mimi mpangaji wako tu, mwanafunzi wa unesi kutoka Mpwapwa, na nyumba sasa ni ya Gunnar. Nilijua nikifungua mdomo nitakosa pa kulala. Nikainuka. Nikajishikiza kwenye kiti, nikasema yote kwa Kiswidi changu kibovu. Kitako cha bunduki sikujua kinaitwaje, nikaonyesha kwa mkono.

Gunnar akaniambia polepole nihame kabla ya Jumatatu.

Nikakimbilia koti langu. Dada yako Märta akanifuata, analia. "Yule mama aliitwa Brita," akasema. "Mama yetu alitukataza kulitaja jina hilo."

Sasa niko mtaa wa Hallonbergen, kwa dada mmoja Mkenya, kwenye majengo mapya. Wanachimba njia ya treni ya chini ya ardhi. Kila wakilipua mwamba najikuta nimechuchumaa sakafuni, nimeziba masikio. Naogopa, Bibi. Naogopa barua ya kibali changu cha kuishi hapa, isiyofika. Naogopa kukutana na Gunnar stesheni. Na wewe ambaye ningekuambia haya... hupo.

Märta ameniomba niende naye kwa mchungaji kuandikisha jina lile kwenye jiwe lenu la kaburi. Gunnar atakuwapo. Nitakwenda.

Pumzika, Bibi yangu. Nakuahidi: wakiniuliza ni nani aliyetaka watu wa ngome ile wapone, nitasema Brita. Nitatetemeka, lakini nitasema.

Wako,
Neema