Kwa Nini Pikapu ya Baba Iliinama

Nyumbani,
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Dada,

Habari za huko mbali? Shemeji hajambo, na wapwa zangu wanaendeleaje? Kile kifua kilichokuwa kikikubana kimeachia? Sisi huku wazima wa mwili. Baba anakula na kazini anakwenda, ila nywele zimekuwa nyeupe zote, hungemjua.

Kalamu ni nzito leo, nivumilie. Tangu tumzike Mama, mwaka na miezi miwili sasa, hujasema na Baba. Ulimwambia mbele ya waombolezaji kwamba amemuua mkewe kwa uzembe. Akanyamaza. Mimi nami nikanyamaza, na Mungu anisamehe, kwa sababu moyoni nilikuwa upande wako.

Wiki iliyopita kazi za ujenzi zilirudi. Nikafunga tela nyuma ya pikapu, mashine ya zege na mbao juu yake. Lo! Pikapu ikakaa kitako kama mbwa, pua juu. Nikaipeleka kwa fundi wa springi, yule mzee tunayemwita Polepole, nikamwambia aniongezee majani mawili ya springi, vile vyuma bapa vinavyobeba gari, maana haya yamechoka.

Akanicheka. "Springi umeionea bure. Mzigo kapanga nani?"

Mimi, nani tena?

Akapima kwa vidole nafasi kati ya tairi la nyuma na bodi. Viwili tu. Akaniamuru mimi na vijana wake tuirudishe nyuma mashine, niliyoiweka mbele kabisa, mpaka juu ya matairi ya tela, na mbao tuzisogeze mbele, kwani ukirundika kila kitu mkiani tela litayumba. Hakuongeza hata nati. Akapima tena, vidole vitano! Kisha akanieleza kwamba mzigo ukilalia shingo ya tela, pale linapofungwa kwenye gari, gari huzama nyuma na kuinuka mbele, na matairi ya mbele hayakanyagi barabara sawasawa. Unakata usukani, gari halisikii.

Dada, hapo ndipo nikakumbuka. Baba alisema maneno hayo hayo baada ya ajali pale kwenye kona ya daraja: "Nimekata, halikusikia." Sote tukaona anajitetea.

Tela la siku ile nililipanga mimi. Mashine niliisukuma mbele kabisa ili mbao zipate nafasi. Baba aliuliza mbona gari limekaa chini. Nikamjibu springi zimezeeka, twende, tunachelewa. Mjuaji mimi! Mama akapanda mbele, upande wa dirisha, nasi tukaondoka.

Niliporudi kutoka kwa fundi nilimkuta Baba jikoni, nikamweleza yote. Hakushtuka. Alijua tangu siku walipolitoa tela mtaroni. Nikamuuliza kwa nini basi alikubali kulaumiwa.

"Nilikuwa nimeshamzika mama yako," akasema. "Nilijua ukilijua hili, utamfuata. Na dereva nilikuwa mimi, nilipaswa kushuka nikague."

Nililia, Dada, mtu mzima mimi, huku yeye akiendelea kumenya viazi.

Msamaha wangu nitakuja kuuomba kwako uso kwa uso, na ukinifungia mlango nitakuwa nimestahili. Lakini ile hasira uliyompa Baba si yake. Mtue, unitwike mimi. Mpigie simu. Habari za pikapu usizitaje, wala huna haja ya maneno mengi. Mwite tu "Baba", asikie.

Shangazi anakusalimu, na jirani yetu mshonaji pia. Wabusu wapwa zangu, umwambie shemeji nashukuru anavyokutunza. Mungu akulinde utokapo na urudipo, na aulainishe moyo wako usiku utakaposoma haya.

Mdogo wako akupendaye,
uliyemfundisha kuandika